Masisi na Walikale: bendera ni moja, wanaotawala chini yake ni wengi

Tarehe 19 Machi 2025, wapiganaji wa AFC/M23 waliingia katika mji mdogo wa Walikale, makao makuu ya wilaya yenye jina hilo. Mwanzoni mwa Aprili waliondoka, na jeshi la taifa FARDC likarudi pamoja na Wazalendo. Kwa muda wa wiki mbili hivi, raia wa Walikale walibadilishiwa wakubwa mara mbili. Hata hivyo hakuna aliyewatangazia taifa jipya wala bendera mpya ya taifa. Walioingia walisema wanapigania Kongo. Waliorudi walisema wanailinda Kongo.

Hali ni hiyo pia Masisi, ambako Rubaya ilianguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa Aprili 2024, na Masisi-kati mwanzoni mwa Januari 2025. Vita hivi havipigwi kati ya bendera mbili za mataifa kama vile tunavyosoma katika vitabu vya historia. Vinapigwa na watu ambao kila mmoja anadai bendera ileile: ya bluu ya anga, yenye nyota ya njano pembeni na mstari mwekundu unaokatiza kutoka chini kwenda juu.

Bendera hiyo ilitimiza miaka 20 tarehe 18 Februari 2026, maana ilikuja na Katiba iliyotangazwa tarehe 18 Februari 2006. Miaka hiyo ishirini inatimia wakati mambo mawili yako mezani. La kwanza ni mjadala wa kubadilisha Katiba, ambao Rais Félix Tshisekedi aliufungua alipokuwa Kisangani mwezi Oktoba 2024. La pili ni mazungumzo ya Doha, ambako serikali na AFC/M23 wanazungumzia "kurudisha mamlaka ya Serikali" katika maeneo ya mashariki. Yote mawili yanagusa swali moja: bendera ikipepea Masisi au Walikale, inamwambia raia nini kuhusu anayemtawala?

Nguo iliyobadilishwa mara tano

Mzee wa Masisi aliyezaliwa mwaka 1955 ameona bendera ya nchi yake ikibadilishwa mara tano kwa uchache. Alizaliwa chini ya bendera ya bluu yenye nyota moja ya njano katikati. Bendera hiyo haikushonwa na Wakongo. Ilianza kutumiwa mwaka 1877 na shirika la Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, ikawa ya Dola Huru la Kongo mwaka 1885, kisha ya Kongo ya Wabelgiji kuanzia 1908. Kwa hiyo nyota ya njano tunayoisalimia leo ina umri mkubwa kuliko nchi yenyewe.

Tarehe 30 Juni 1960 nyota ile kubwa ilibaki katikati, lakini zikaongezwa nyota sita ndogo kando ya mlingoti. Kila nyota ndogo ilisimamia jimbo moja kati ya majimbo sita ya wakati ule, na Kivu ilikuwa mojawapo. Hesabu hiyo haikudumu. Mwaka 1962 na 1963 nchi iligawanywa katika majimbo madogo zaidi ya ishirini, na mwaka huohuo wa 1963 bendera nayo ikabadilishwa: nyota moja juu kushoto, na mstari mwekundu wenye mpaka wa njano.

Mwaka 1971 Mobutu aliita nchi Zaïre na kuleta bendera ya kijani, yenye duara la njano na mkono ulioshika mwenge. Mwenge huo ulikuwa alama ya chama chake, MPR. Tangu hapo mtu hakuweza kutofautisha bendera ya nchi na ya chama. Majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yalipoingia Kinshasa tarehe 17 Mei 1997, Kabila aliirudisha ile ya nyota sita, ingawa wakati huo nchi ilikuwa na majimbo kumi na moja na Kivu ya zamani ilikwisha kugawanywa mara tatu tangu 1988: Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema.

Mwaka 2006 tukarudi kwenye sura ya 1963. Uamuzi huo ulikuwa na busara yake. Nyota zikihesabu majimbo, kila mgawanyo mpya unaifanya bendera iseme uongo. Leo tungehitaji nyota 26. Nyota moja haihesabu kitu. Inasema tu kwamba nchi ni moja.

Kifungu cha kwanza kinasema nini

Watu wengi hawajui kwamba Katiba inaieleza bendera kwa sentensi moja tu. Kifungu cha kwanza kinasema kuwa alama ya taifa ni bendera ya bluu ya anga, yenye nyota ya njano katika pembe ya juu upande wa kushoto, na inayokatizwa kwa mshazari na mstari mwekundu uliozungushiwa njano nyembamba. Halafu kinaendelea na kaulimbiu "Haki, Amani, Kazi", kichwa cha chui, pembe ya ndovu na mkuki, na wimbo wa taifa "Debout Congolais".

Kifungu hicho hakisemi mstari unaanzia pembe gani na kuishia pembe gani. Hakitaji vipimo. Hakielezi bluu ya anga ni bluu ipi hasa. Ndiyo maana ukizunguka katika shule na ofisi za wilaya utakuta bendera zisizofanana: moja ina bluu iliyokolea kama ile ya 1997, nyingine imepauka kama ya Umoja wa Mataifa, nyingine ina nyota iliyonenepa kwa sababu fundi wa cherehani aliikata kwa macho. Hili si kosa la fundi. Amefuata alichoambiwa, na alichoambiwa ni kidogo.

Pia kifungu hakifafanui maana ya rangi. Maana tunazofundishwa shuleni zinatoka katika maelezo ya serikali na desturi: bluu ni amani, nyekundu ni damu ya mashujaa waliokufa kwa ajili ya nchi, njano ni utajiri, nyota ni umoja na mwangaza wa siku za mbele. Mwanafunzi wa Kinshasa anaweza kuyakariri hayo na kupata alama zake. Mwanafunzi wa Masisi au Walikale anayakariri huku akiyalinganisha na anayoyaona.

Rangi zinavyosomwa huku kwetu

Tuanze na njano, rangi ya utajiri. Rubaya, katika wilaya ya Masisi, inakadiriwa kutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia nzima, madini yanayotoka katika koltani na kuingia katika simu na kompyuta. Mwishoni mwa 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa walieleza kwamba M23 ilikuwa ikikusanya huko kodi ya kiasi cha dola za Kimarekani 800,000 kila mwezi. Walikale nako, mgodi wa Bisie unaoendeshwa na kampuni ya Alphamin ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024, na ulisimamisha kazi kwa wiki kadhaa M23 ilipokaribia mwezi Machi 2025. Kabla ya hapo, wenyeji wanakumbuka ndege ndogo zilizokuwa zikitua juu ya barabara ya lami kule Kilambo, kubeba kasiterite, kwa sababu uwanja wa kweli haukuwapo. Njano ipo kweli. Ila inapita juu ya vichwa vya watu na kwenda zake.

Nyekundu haihitaji mwalimu. Kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti 2010, makundi yenye silaha yaliingia Luvungi na vijiji jirani vya Walikale na kubaka raia zaidi ya 300, wengi wao wakiwa wanawake. Umoja wa Mataifa ulikuwa na kambi yake umbali usio mkubwa kutoka hapo. Maelezo rasmi yanasema nyekundu ni damu ya mashujaa. Swali la wakaaji wa Luvungi ni jepesi kuuliza na gumu kujibu: je, damu ya raia asiyeshika silaha imo katika mstari ule? Tangu serikali ilipoifanya tarehe 2 Agosti kuwa siku ya kumbukumbu ya wahanga, iitwayo Genocost, jibu limeanza kuwa ndiyo. Lakini kumbukumbu ya Kinshasa na kaburi la Walikale bado ziko mbali.

Kuna jambo moja linalopaswa kutajwa kwa haki. Ntabo Ntaberi Sheka, kiongozi wa kundi la NDC lililohusishwa na unyama huo, alijisalimisha mwaka 2017. Mahakama ya kijeshi huko Goma ilimhukumu kifungo cha maisha mwezi Novemba 2020. Walikuja mashahidi, wakasikilizwa, hukumu ikasomwa kwa jina la Jamhuri. Kwa wahanga wengi, hiyo ndiyo siku bendera ilipomaanisha kitu: neno "haki" la kaulimbiu lilikuwa na hakimu, mshitakiwa na hukumu.

Kila mmoja anaidai

Huko Katanga, hofu ya kujitenga ina bendera yake. Ile ya 1960, yenye misalaba mitatu ya shaba, bado inakumbukwa, na tarehe 23 Machi 2013 wapiganaji wa Bakata Katanga waliingia Lubumbashi wakitaka kuipandisha. Hapo Leta, kama tunavyoiita Serikali, ilijua mara moja nini kinatokea. Bendera nyingine ni nchi nyingine.

Vita vya Masisi na Walikale vina sura nyingine. Tazama majina. AFC ni Muungano wa Mto Kongo. APCLS ni Muungano wa Wazalendo kwa ajili ya Kongo huru yenye mamlaka yake. Herufi ya mwisho ya NDC ni Kongo. Wazalendo wamejiita kwa neno ambalo kila mtoto wa shule anafundishwa kulipenda, na tangu 2023 sheria ya jeshi la akiba imewafungulia mlango wa kutambuliwa. Jina la nchi liko kila mahali. Linaloonekana kwa shida ni nchi yenyewe.

Kwa hiyo raia amejifunza kutotegemea kitambaa. Anaangalia barieri: nani amesimama pale, anadai nini, anatoa risiti gani. Huku kuna "lala salama", pesa ambayo kaya inalipa ili isivamiwe usiku. Kuna jetoni ya kila mwezi, ambayo NDC-R iliwauzia wakaaji wa maeneo yake, na asiyekuwa nayo hakupita. Kuna salongo, kazi ya jumuiya ambayo zamani ilisafisha barabara na leo mara nyingi inabeba mizigo ya wenye bunduki. Mkulima wa maharagwe anaweza kupita barieri tatu kabla ya kufika sokoni, na zote tatu wakamwambia kwamba pesa hiyo ni ya kulinda nchi.

Hata heshima ya bendera imechanganyika na woga. Asubuhi inapopandishwa na jioni inaposhushwa karibu na kambi au ofisi, filimbi inalia, mpita njia anasimama, mwendesha pikipiki anazima moto. Ni desturi njema. Lakini asiyesikia filimbi huenda akajikuta anajadiliana bei ya kosa lake. Watu husimama, huwezi kujua kwa kuwatazama kama wamesimama kwa mapenzi au kwa kuogopa.

Mapenzi yapo. Tarehe 7 Februari 2024 huko Abidjan, kabla ya nusu fainali ya Kombe la Afrika dhidi ya Côte d'Ivoire, wachezaji wa Leopards waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kwenye kichwa kama bastola wakati wimbo wa taifa ukipigwa. Walishindwa 1-0, lakini waliokuwa wakitazama mchezo kambini karibu na Goma walijua kwamba kwa dakika moja bendera ilikuwa imesimama kwa ajili yao.

Nani yuko chini yake

Kuna swali zito zaidi, na Masisi imelibeba kwa miaka karibu tisini. Kuanzia 1937, chini ya bendera ya bluu ya Wabelgiji, serikali ya kikoloni ilihamisha familia nyingi kutoka Rwanda na kuziweka Gishari na sehemu nyingine za Masisi ili zifanye kazi mashambani. Ardhi waliyopewa ilikuwa ya Wahunde, na hakuna aliyewauliza Wahunde. Mwaka 1972, chini ya bendera ya mwenge, sheria iliwapa uraia waliofika kabla ya 1950. Mwaka 1981, chini ya bendera ileile ya mwenge, sheria nyingine iliwanyang'anya.

Tarehe 20 Machi 1993, watu walishambuliwa katika soko la Ntoto, Walikale. Vurugu zikapanda hadi Masisi. Wahutu, Wahunde, Wanyanga, kisha Watutsi: kila jamii ilizika watu wake, na waliokufa walihesabiwa kwa maelfu. Hiyo ilikuwa kabla ya wakimbizi wa 1994, kabla ya AFDL, kabla ya RCD, CNDP na M23. Ni vizuri kukumbuka, kwa sababu wako wanaodhani kwamba moto ulianza nje tu. Kuni nyingi zililetwa na jirani, ni kweli, na ripoti za Umoja wa Mataifa zimeeleza kwa kirefu msaada wa jeshi la Rwanda kwa M23. Lakini jiko lilikuwa hapa, na lilijengwa kwa swali lisilojibiwa: nani ana haki ya kusimama chini ya bendera hii na kuiita yake?

Katiba ya 2006 ilijaribu kujibu katika kifungu cha kumi: ni Mkongo wa asili kila mtu wa jamii ambazo watu na ardhi yao vilikuwa sehemu ya nchi iliyokuja kuwa Kongo wakati wa uhuru. Kwa maandishi, jibu lipo. Kwa mfuko wa raia, halipo. Kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyotumika kama kitambulisho, na asiyekuwa nayo anaitwa mgeni katika kila barieri. Tarehe 20 Desemba 2023, nchi ilipopiga kura, Masisi na Rutshuru hazikupiga kwa sababu ya vita. Walikale ilipiga. Wilaya mbili zinazopakana, bendera moja. Mmoja akachagua wabunge wake, mwingine akatazama.

Doha, Katiba, na kazi iliyobaki

Tamko la Doha la tarehe 19 Julai 2025 lilitaja kurudishwa kwa mamlaka ya Serikali. Wino ulikuwa haujakauka pande mbili zikaanza kulisoma tofauti. Kinshasa ilisema maana yake ni M23 kuondoka. M23 ilisema haitarudi nyuma. Baada ya hapo yakaja makubaliano mengine, Doha mwezi Novemba na Washington tarehe 4 Desemba 2025, na mapigano yakaendelea.

Hatari iliyopo ni kwamba siku moja "mamlaka ya Serikali" yatahesabiwa kuwa yamerudi kwa kupandisha bendera mbele ya kamera. Masisi hiyo haitakuwa habari, kwa sababu hakuna aliyewahi kukubali kwamba amewaacha watu bila bendera hiyo. Kipimo cha kweli ni kingine, na raia wanakijua: barieri zimebaki ngapi, kodi ya Rubaya inaingia katika hazina gani, nani anatoa hati ya ardhi, mahakama inakaa wapi, na Masisi itapiga kura lini.

Mfano mzuri tunao. Mwaka 2025 wanafunzi wa maeneo yaliyoshikwa na M23 walifanya mtihani wa taifa uleule unaotayarishwa na wizara ya elimu ya Kinshasa. Mstari wa vita haukukata mtihani. Diploma ya mtoto wa upande huu na ya mtoto wa upande ule ina muhuri mmoja. Katika mwaka ambao kila kitu kiligawanyika, karatasi hiyo ilifanya kazi ambayo bendera peke yake haikuweza.

Na ikiwa Katiba itafunguliwa, bendera inaweza kuguswa kwa urahisi. Kifungu cha 220 kinafunga mambo kama idadi na urefu wa mihula ya Rais, lakini hakifungi bendera. Wako wanaoipenda ile ya nyota sita kwa sababu ya Lumumba, na mapenzi hayo yana heshima yake. Rwanda ilibadilisha bendera yake mwaka 2001 ikitaka kuacha nyuma alama za kabla ya mauaji ya kimbari. Zanzibar ilijipatia yake mwaka 2005 ndani ya Tanzania, baada ya mjadala mrefu kuhusu muungano wenyewe. Kotekote nguo ilifuata uamuzi wa kisiasa. Sisi tumeshabadilisha nguo mara tano, na kila mara swali la Masisi lilihamishwa kutoka bendera moja kwenda nyingine bila kujibiwa.

Kama wabunge watataka kugusa kifungu cha kwanza, wakamilishe kilichokosekana: waandike vipimo, waeleze rangi, waseme mstari unaelekea wapi, ili fundi wa Masisi na fundi wa Kinshasa washone kitu kimoja. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja. Kazi ya kuhakikisha kwamba mtu wa Masisi ana kadi, kura na hakimu kama mtu wa Walikale, na kwamba wote wawili wanavyo kama mtu wa Kinshasa, haitakwisha asubuhi moja. Ndiyo kazi ambayo wapatanishi wa Doha wangepaswa kuulizwa kila wanapotoka nje ya chumba cha mazungumzo.